Msomaji wa Kipimo cha Gatuamba

Waithira aliteremka mtoni mara mbili kwa siku, saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, kwa miaka minane, na hakuna siku aliyoteremka bila hofu.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Chini ya daraja la mbao la Mto Gatuamba, mwendo wa nusu saa kutoka soko la Endarasha, Idara ya Maji ilikuwa imesimamisha ubao wa chuma wenye namba. Msomaji alitazama maji yamefika namba gani, akaiandika kwenye kadi, na mwisho wa mwezi akaipeleka kadi posta iende Nyeri. Mumewe, Wamae, ndiye aliyeifanya kazi hiyo kwanza. Asubuhi moja ya ukungu, Aprili 1979, Wamae alitoka nyumbani na hakurudi kunywa chai. Walimkuta ndani ya mfereji mkubwa ulio upande wa juu wa daraja, amelala kifudifudi majini, kofia yake imenasa kwenye nyasi. Wengine walisema aliteleza. Wengine walisema alikuwa amekunywa. Na wengine walitupa tu jicho upande wa shamba la Kihara, tajiri wa mahali hapo, kisha wakatazama viatu vyao. Wiki moja kabla, Wamae alikuwa amegombana na Kihara sokoni juu ya mfereji huo huo. Polisi walikuja, wakaandika, wakaenda zao, na Waithira hakupata kujua ukweli.

Idara ilimwuliza kama anajua kusoma. Alikuwa amefika darasa la saba. Akapewa kadi mpya.

Mfereji huo ulichimbwa mwaka wa 1966. Kabla ya hapo palikuwa na kinamasi, eneo kubwa tambarare lililojaa matete marefu kuliko mtu, vyura wasionyamaza, na korongo wenye taji waliokuja kutaga. Watu waliopewa mashamba kwenye skimu mpya ya makazi waliuliza kwa nini ardhi nyeusi namna ile iachiwe vyura wakati nchi imeshapata uhuru. Serikali ikasikia. Trekta zikaja, hotuba zikatolewa, mbuzi wakachinjwa, na vijana, Wamae akiwa mmoja wao, wakachimba kwa majembe pale trekta zilipozama. Maji yaliteremka siku kumi na moja mfululizo. Miaka ya kwanza kabichi zilikuwa kubwa hata mtoto hawezi kuinua moja. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo, kwa njia ambayo hakuna aliyeieleza vizuri, ikawa ya Kihara, mwenyekiti wa kamati ya skimu.

Kilichopotea hakikuonekana mara moja. Kinamasi kilikuwa kikishika mvua ya Aprili na kuiachilia polepole mpaka Oktoba. Sasa mvua ilipita tu. Mto ulifura wiki mbili, mwekundu kwa udongo, halafu ukanywea. Wakati wa kiangazi Kihara aliweka pampu ya dizeli kwenye mfereji na kuvuta kile kidogo kilichosalia. Sheria ya idara ilikuwa kwamba maji yakishuka chini ya alama nyekundu, namba ishirini, pampu ifungwe na maofisa waje kukagua. Miaka yote hayakuwahi kushuka hapo. Januari 1984 yakaanza kukaribia.

Kihara alikuja mwenyewe, mchana kweupe, amevaa koti la suti na buti za mpira. Waithira alimwekea kiti uani akampa chai. Mama mkwe wake, Ngendo, alikuwa akichambua maharagwe mlangoni pa jikoni, naye alinyanyuka pale pale akaingia ndani.

"Mama Murugi," Kihara alisema, "nimesikia maji imekaribia ile alama."

"Ndiyo, mwenyekiti. Leo ni ishirini na mbili. Wiki ijayo itapita."

"Haitapita."

Waithira alimtazama, hakuelewa. Kihara alipuliza chai yake.

"Kabichi yangu imebakisha wiki tisa kwa shamba. Ikipita, watu wa Nyeri watakuja kufunga pampu. Kwa hivyo utaandika thelathini. Kesho ishirini na tisa, kesho kutwa thelathini na moja. Usirudie namba moja kila siku, wataanza kuuliza."

"Mwenyekiti, hiyo ni kadi ya serikali."

"Na hii shamba umekalia ni ya nani?" Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeulizia afya ya watoto. "Nimetafuta jina yako kwa rejista, sijaiona. Nimeona ya Wamae, na Wamae hayuko. Kamati inaweza kukaa siku yoyote. Mimi sipendi kuona mjane akihangaika. Hata Wamae nilimwambia, mambo ya mfereji achia wenyewe. Ati akaona mimi namchezea."

Alimaliza chai, akashukuru, akarudisha kikombe mkononi mwa Waithira badala ya kukiweka chini. Alipoondoka, Waithira aligundua kwamba ameshikilia kikombe kile kwa mikono miwili na hawezi kukiachia.

Jioni hiyo aliandika thelathini.

Tangu siku hiyo hakuwa peke yake mtoni. Msimamizi wa shamba la Kihara, mtu mrefu aitwaye Ngatia, alianza kusimama darajani kila asubuhi, panga kiunoni. Hakusalimia wala hakuuliza. Siku za ukungu Waithira hakumwona kabisa, alisikia tu buti zikikanyaga matope nyuma yake, akisimama nazo zinasimama. Alijifunza kutogeuka. Alijifunza kushika penseli kwa nguvu ili mwandiko usitetemeke. Binti yake, Murugi, alikuwa shule ya bweni huko Nyeri, na kila usiku Waithira alimshukuru Mungu kwamba hayuko nyumbani.

Februari ikaingia, Machi, Aprili. Kihara alivuna, akapanda kabichi nyingine. Mvua ya Aprili haikuja. Kwenye kadi mto ulikuwa thelathini na mbili. Kwenye ubao ulikuwa kumi na nne, kisha kumi na moja, kisha nane.

Siku moja katika Aprili hiyo aliamka akakuta hakumbuki ni namba ipi ya kweli ya jana. Jambo hilo lilimtia hofu ya aina nyingine, hofu ya mtu anayehisi akili yake ikiteleza. Aliporudi kutoka mtoni alichukua kipande cha mkaa, akaingia ghala la mahindi, akafunga mlango nyuma yake, na kwa ndani, kwenye mbao za mlango huo, akaandika tarehe na namba aliyoiona. Kisha akatulia, akajaribu kukumbuka za nyuma, akaziandika zile alizokuwa na hakika nazo. Kuanzia hapo ikawa desturi. Uongo ulienda Nyeri, ukweli ulikaa gizani na mahindi machache yaliyobaki.

Ngendo aliyagundua maandishi hayo mwezi wa Juni alipoenda kuchota mahindi. Alitoka nje akiwa amekunja uso.

"Ile kitu kwa mlango ni nini?"

"Ni maji, maitu," Waithira alijibu, akimwita mama kwa Kikuyu.

"Futa."

"Hakuna mtu anaingia ghalani isipokuwa sisi."

"Mtoto wangu alitoka hapa akitembea kwa miguu, wakamleta amelazwa juu ya mlango wa kuazima. Futa." Ngendo alikaa chini pale pale vumbini, mzee wa miaka sabini na ushee, akaanza kulia bila sauti. Waithira alimshika mkono, akaahidi kufuta, na hakufuta.

Agosti ubao wa kipimo ulisimama juu ya mawe makavu. Waithira aliandika sifuri mlangoni, siku baada ya siku. Shule ya msingi ilifungwa kwa kukosa maji. Wanawake walikwenda maili sita na punda kutafuta kisima. Huko juu pampu ya Kihara bado ililia kwa muda wa saa mbili kila asubuhi, ikinyonya matope, maana chini ya mfereji palikuwa na dimbwi ambalo lingetosha kulowesha mawe ya darajani kama lingeachwa literemke.

Jioni moja mwanzoni mwa Septemba, Waithira aliinama chini ya daraja na kadi yake, akaandika ishirini na nane. Alipoinua macho, mtu alikuwa amesimama mbele yake katikati ya mto mkavu. Alikuwa mzee mwembamba mwenye ndevu zilizotiwa hina, kikoi kiunoni na fimbo begani. Nyuma yake, mpaka kona ya mto, walikuwa ng'ombe, mbavu nje, vichwa chini, wakilamba mawe.

Alimfahamu kwa jina. Alikuwa Garad, mfanyabiashara wa mifugo wa Nanyuki, ambaye kila mwaka aliteremsha ng'ombe kupitia bonde hilo.

"Mama," Garad alisema, "unaandika nini hapo?"

Waithira aliifunika kadi kwa kiganja.

"Mimi nimefuata huu mto siku tatu kutoka chini. Nilisema nikifika juu nitapata mahali maji imeishia. Sikupata. Nimeacha ng'ombe kumi na tisa njiani." Alinyoosha mkono. "Nilienda ofisi ya Nyeri mwezi jana. Niliambia kijana wa maji kwamba mto umekufa. Akafungua kabati, akanionyesha kadi. Akaniambia, mzee, hapa Gatuamba kuna maji thelathini, nyinyi ng'ombe zenu ndizo nyingi. Nikarudi. Nilidhani mimi ndiye nimekuwa mwongo."

Hakupaza sauti. Ilikuwa afadhali angemtukana. Waithira alitazama darajani. Ngatia hakuwapo, jioni hakuwa akija.

"Andiko ni lako?" Garad aliuliza.

"Ni langu."

"Kwa nini?"

"Naogopa," Waithira alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo mbele ya mtu tangu mumewe azikwe, na alishangaa lilivyokuwa fupi.

Garad aligeukia mifugo yake. Ndama mmoja alikuwa amelala ubavu karibu na ubao wa kipimo, na pumzi yake ilisikika. Mwishowe alisema, "Alhamisi lori yangu inakuja Endarasha kubeba wale hawawezi kutembea. Inapita Nyeri. Mimi sitakuuliza mara ya pili." Akawaswaga ng'ombe wake kupanda ukingo.

Siku mbili zilizobaki Waithira hakula. Akifikiria kubaki, aliona ndama. Akifikiria kwenda, aliona mfereji. Jumatano jioni aliingia ghalani na bisibisi ya marehemu kuung'oa mlango, akakuta Ngendo ndani, amepiga magoti, kitambaa na majivu mkononi, akisugua. Ubao mmoja kati ya mbao nne za mlango ulikuwa tayari mweupe. Mei na Juni zilikuwa zimekwenda.

"Maitu, wacha."

Ngendo hakuacha. Waithira ilibidi amshike mikono yote miwili kwa nguvu, kama mtu anayemzuia mtoto asiungue. Walibaki hivyo wakihema, majivu yamewajaa. Kisha mzee akatupa kitambaa, akaketi juu ya gunia tupu, akamtazama Waithira akifungua bawaba moja moja.

Asubuhi iliyofuata aliufunga mlango ndani ya blanketi, akaubeba mgongoni kwa kamba ya kichwani kama mzigo wa kuni. Lori la Garad lilimpakia pamoja na ng'ombe sita waliolala na mbuzi wanane. Dereva aliendesha taratibu. Walipofika kwenye njia panda, pale ambapo kabichi za Kihara zilikusanywa kusubiri wanunuzi, gogo lilikuwa limelazwa barabarani. Ngatia alikuwa amesimama kando yake.

Waithira alimwona akizunguka lori, polepole, mpaka nyuma. Hakukuwa na pa kujificha. Ngatia alipanda juu ya gurudumu, akamtazama, akatazama blanketi.

"Unaenda wapi leo na kadi bado haijaandikwa?"

"Kwa fundi, Nyeri. Mlango wa ghala umeharibika."

Sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine. Ngatia alinyoosha mkono, akainua pembe ya blanketi. Mistari ya mkaa ilikuwa pale, tarehe na namba, safu juu ya safu. Ngatia alizitazama kwa muda mrefu. Mbuzi mmoja alikohoa. Waithira alihisi mkojo wa moto ukimtoka, na aliona haya, na hakuweza kuuzuia.

Ngatia aliishusha pembe ya blanketi. Akateremka, akaviringisha gogo kando kwa mguu, na lori likapita.

Njia nzima Waithira alitazama nyuma akitegemea kuona pikapu ya Kihara ikiwafuata. Haikuja, na kutokuja kwake hakukumpa raha.

Ofisa wa maji aliitwa Mutahi, kijana wa miaka ishirini na minane aliyetoka chuoni juzi. Ndiye yule aliyemrudisha Garad. Alishangaa kuona mama aliyelowa sketi akiingia ofisini na mlango. Waithira aliuegemeza ukutani, akaufunua, akasema kila kitu kwa mfululizo bila kukaa, kwa sababu alijua akikaa hatamaliza. Kihara, kadi, pampu, rejista ya ardhi. Hakumtaja Wamae. Kuhusu Wamae hakuwa na lolote alilolijua.

Mutahi alitoa kadi kabatini, akazipanga mezani, akaenda nazo tarehe kwa tarehe na mlango. Ilimchukua saa nzima. Mara mbili alivua miwani akaifuta.

"Unajua hii ni kosa ya kufungwa?" aliuliza hatimaye.

"Najua."

"Na mimi niliamini hii makaratasi nikamfukuza yule mzee." Alikaa chini. Alivuta faili kuukuu iliyofungwa kwa utepe, akaifungua kwenye ramani yenye mhuri wa 1966. "Huu mfereji ni sisi tulichora. Ofisi hii. Chuoni nilifundishwa mwaka mzima namna ya kukausha kinamasi. Namna ya kukirudisha, hakuna aliyetufundisha."

Wiki ya pili pampu ilifungwa na askari wawili. Barua ya onyo ikamfikia Waithira, na ilisema aendelee na kazi kwa kuwa hakuna mwingine. Lakini kufunga pampu hakukutosha, Mutahi alisema. Mto hautarudi mpaka mfereji wenyewe uzibwe na kinamasi kishike maji tena. Chifu akaitisha baraza mwezi wa Novemba.

Kihara alizungumza wa kwanza. Alikumbusha watu trekta za 1966. Alisema kuna watu wanataka kurudisha nchi kwenye vyura, na watu wa namna hiyo wana jina, wanaitwa wapinga maendeleo. Siku hizo neno hilo lilikuwa linamtoa mtu nyumbani kwake asirudi. Watu wote waliokaa nyasini waliinamisha vichwa. Chifu alitazama saa yake.

Mutahi akauleta mlango, akausimamisha mbele ya meza, akamwomba Waithira ausome.

Alisimama. Alisogea mpaka mbele ya mlango. Kihara alikuwa hatua tano tu kutoka kwake, ameketi, mikono imekunjwa, anamtazama kwa ule upole wake.

"Tarehe mbili Aprili," Waithira alisoma, "kumi na nne. Tarehe tatu, kumi na nne. Tarehe nne, kumi na tatu."

Alisoma bila kuinua macho. Alipofika kwenye ubao uliosuguliwa aliupapasa kwa kidole. "Hapa hakuna," alisema.

"Nilifuta mimi," sauti ilisema kutoka nyuma. Ngendo alikuwa amesimama, ameshikilia bega la jirani. "Nilifuta na majivu. Niliogopa watamuua kama mwanangu."

Vichwa viligeukia kwa Ngendo. Kihara alikunjua mikono. Waithira aliendelea, kwa kuwa hakujua la kufanya ila kuendelea. Julai, sita. Julai, nne. Agosti tarehe tisa, sifuri.

"Hiyo ndiyo siku walimu walirudisha watoto," mwanamke mmoja alisema.

"Tarehe kumi na tano, sifuri."

"Hiyo nilikuwa nazika fahali yangu," mzee mwingine akasema. Na kuanzia hapo kila sifuri ilipata mwenyewe. Hawakumtaja Kihara hata mara moja, wala hawakumtazama. Lakini Mutahi alipouliza ni nani ataleta jembe mwezi wa Februari, mikono iliinuka, kwanza ya wanawake waliokuwa wakienda kisimani na punda.

Kuurudisha mto kulikuwa kugumu kuliko kuukausha. Februari 1985 walipigilia magogo ya mtarakwa kuvuka mfereji, wakajaza mawe na udongo, mahali pamoja tu. Kihara alisimama juu ya ukingo siku zote tatu, akiandika majina kwenye daftari, na baadhi ya watu waliona daftari lile wakaweka majembe chini wakaenda nyumbani. Waithira alibaki, si kwa ushujaa. Alihisi kwamba mgongo wake ukigeuka tu, kitu kitatokea.

Aprili mvua ilikuja kwa hasira. Waithira alikuwa mtoni asubuhi, namba ikiwa thelathini na tano, alipoona majani yakipita kasi, kisha gogo la mtarakwa, jeupe kwa ncha iliyochongwa. Alitazama ubao. Hamsini. Akapanda ukingo kwa mikono na miguu akipiga kelele kwa wanawake waliokuwa wakifua chini yake, akawaburuta wawili kwa nguo zao, na daraja likang'oka nyuma yao kama kibiriti. Hakufa mtu. Lakini kwa wiki nyingi baadaye alisikia ngurumo ile kichwani, na watu walisema wazi kwamba mama huyu anawaletea mauti.

Mutahi alirudi akiwa amekonda. Alikiri kwamba alikosea, kwamba maji yote yalikuwa yamezuiliwa kwa kizuizi kimoja. Safari hii waliweka vizuizi vidogo kumi na vinne, kimoja juu ya kingine kama ngazi, mapema wakati maji ni kidogo. Walikata mikaratusi iliyopandwa kando, inayonyonya maji, na idara ikasimamisha ubao mpya wa kipimo. Walikwenda mpaka kinamasi kingine upande wa pili wa kilima, wakang'oa mizizi ya matete, wakaibeba kwa magunia mabichi, wakaipanda kwa mikono. Nusu ilikufa. Wakapanda tena. Kamati ilimpa Kihara shamba lingine kubwa tu huko juu, badala ya lile la kinamasini, na hakushtakiwa kwa lolote. Alibaki mwenyekiti miaka mitatu zaidi, na jina la Waithira halikuingia kwenye rejista mpaka alipotoka.

Mwaka wa 1986 vyura walisikika. Mwaka uliofuata kiangazi kilikuwa kikali, na mwezi wa Septemba kipimo kilisoma ishirini na nne. Waithira alirudia kusoma mara tatu. Garad, aliyekuwa akipita na mifugo yake, alishika maji kiganjani, akanawa uso, akakaa ukingoni akiwatazama ng'ombe wakinywa.

Oktoba ya mwaka huo, asubuhi ya ukungu, Waithira alisikia buti nyuma yake. Mwili ulimganda kama zamani. Hakugeuka. Akafika kwenye ubao, akainama, na mtu akasimama kando yake. Alikuwa Ngatia. Kihara alikuwa amemwachisha kazi, na sasa alifanya kibarua cha kupanda matete.

"Mama Murugi," alisema. "Siku ile ya lori, nilijua ile ni namba."

"Najua ulijua."

"Sikumwambia." Alikohoa. "Nataka kukuambia ingine. Ile asubuhi ya Wamae, mimi nilikuwa kwa mfereji. Hakuna mtu alimsukuma. Udongo ulikatika chini yake akaanguka. Nilisikia akiita. Nilijua walikuwa wamegombana na mzee Kihara. Nikasema, nikionekana hapo watasema ni mimi, nimetumwa. Nikakaa kwa hiyo majani." Alikwangua matope butini. "Aliita mara nne hivi."

Waithira aliendelea kutazama namba. Maji yalizipita taratibu, safi, na nyuma yao, ndani ya ukungu, vyura walikuwa wakipiga kelele. Hakujua kama anamwamini. Alifikiria kwamba huenda ni kweli, na kwamba kweli hiyo haikuwa nyepesi kuliko mauaji aliyoyashuku miaka yote.

"Kwa nini unaniambia sasa?"

"Nimeshindwa kulala hapa karibu na maji."

Alitaka kumpiga. Alitaka kumwuliza kama Wamae alitaja jina la mtu. Aliogopa jibu, kwa hiyo hakuuliza. Alitoa kadi, akaandika ishirini na tatu, lakini tatu ikatoka kama nane. Aliifuta kwa kidole kilicholowa, akaiandika upya, kubwa, mtu yeyote aweze kuisoma.

"Nenda kazini," alimwambia Ngatia.

Alisubiri mpaka buti zikapotea upande wa kinamasi. Kisha akaketi juu ya jiwe, akafunika uso kwa kitambaa cha kichwa, na akalia mpaka jua lilipopasua ukungu.